Simu Iliyofundishwa Kubisha Hodi

…na wewe moyo wangu acha ubishi, tangu lini ukajua mambo, umeyaona kwa macho yako na bado unaguna, simu hii hii imefundwa adabu mbele yako, basi tulia… mkamwana wangu kaishika tena, kidole kinateleza kwenye kioo, anasema kitu, midomo inakwenda, mashine za kufulia zinanguruma nami naitikia eeh, kama ninavyowaitikia wote siku hizi, eeh, sawa, nimesikia, nimesikia nini, masikio yameliwa na mashine hizi, na msimamizi ameshatamka kwamba atakayekosa tena wito wa chumba cha upasuaji aende kwake akalee wajukuu, na juzi niliukosa mimi, daktari kasimama mikono juu hana shuka, mgonjwa kalala, simu inalia mfukoni kwangu kama ilivyolia tangu asubuhi, maana kundi la kazi humo simuni ni watu na midomo yao, huyu anasalimia, yule anacheka, wa jikoni anatafuta mwiko wake, neno la maana litapumulia wapi… sasa ananionyesha, hapa ndipo penye mipangilio, kundi zima limenyamazishwa, wa salamu, wa mwiko, hata msimamizi kimya, makubwa haya, nani aliwahi kumfunga mdomo msimamizi kwa kidole kimoja, aliyeachiwa njia ni chumba cha upasuaji peke yake, naye halii, anatetemesha simu na kuwasha tochi, herufi zimenenepeshwa nazisoma bila miwani… ananiinamia, mbona hasogei sikioni, anakuja mbele ya uso, midomo anaifungua polepole niione, "Mama, iweke kifuani, si mfukoni," basi anajua, mtoto wa watu huyu, na mimi nilidhani nimeficha, midomo yake inaongeza, "Hata mwanao sijamwambia"… naichomeka ndani ya aproni, sisemi asante, asante itamharibu… marehemu mama alikuwa hasikii, surua ilimwachia ukimya, tukimtaka tulikanyaga sakafu ya mbao, naye anageuka moja kwa moja kwa aliyemwita, nikiamini ana macho kisogoni, kumbe ubao ulimwambia ni mguu wa nani, mzito au mwepesi, na mimi nikimwonea huruma, huruma ya nini, mwanamke aliyeisoma nyumba nzima kwa nyayo… yallah, kifua kinatikisika, mwanga unapiga chini ya kitambaa, unazima, unapiga, kuna mtu huko juu ghorofani kanyanyua simu, kakanyaga, na mimi huku chini kwenye mvuke nimegeuka, mimi ndiye sakafu, mimi ndiye mama… MASHUKA YA KIJANI SASA HIVI, herufi kama matofali, mkamwana kaachama anatazama kifua changu kinavyowaka, namwambia, "Funga mdomo, utaingia mvuke," anacheka, naona bega linacheka, na mashine zingurume zitakavyo, nimeshika kigari, mashuka bado yana moto, nasukuma, natoka, mlango nauvuta nyuma yangu mpaka unafunga.