Kasoro Moja Tu

Ilifika saa saba mimi hata miguu siisikii. Laini ilikuwa imetoka kwa mlango wa hoteli, ikazunguka kona, ikapita maduka ya simu, na sisi tulikuwa hapo kwa maduka ya simu tangu asubuhi. Watu wakisonga, tunasonga hatua mbili hivi, halafu tunasimama tena.

"Mabru, egemea hapa," Dada akaniambia, akanipa bega.

Dada anaitwa Nisreen, lakini mimi sijawahi kumwita Nisreen. Ni Dada tu.

Tulikuwa tumekuja odisheni ya Nakujua Vizuri, ile game ya TV mnacheza wawili wawili. Mmoja anavaa hedifoni asisikie kitu, mwingine anaulizwa maswali, halafu mnabadilishana. Majibu yakifanana mnapata pointi. Ukiangalia ukiwa nyumbani inakaa rahisi. Kuna taa, watu wanacheka, kuna makochi ya rangi ya machungwa. Hakuna mtu alituambia kuhusu jua.

Mimi siwezi kuongea mbele ya watu. Shuleni mwalimu akiniuliza kitu, jibu ninalo, mdomo ndio unakataa. Lakini ni mimi niliomba twende. Sababu ni Doha. Dada amepata kazi huko, mapokezi kwa hoteli, na ajenti amesema kuna kundi mbili. Moja inaondoka wiki ijayo, ingine mwezi ujao, na anataka jibu Jumatatu. Sasa hii game wanarekodi hapo katikati. Tukakubaliana jikoni, Mama akiwa anasikia: tukichaguliwa, Dada ataenda na kundi ya pili. Tusipochaguliwa, ni wiki ijayo.

Mwezi mmoja tu. Tutakuwa tumefunga shule, nitakuwa naye nyumbani mchana wote. Sikuwa nataka kitu kingine.

Nyuma yetu walikuwa Kui na bwanake Haron, wametoka Kinoo. Hao walikuwa wanagombana tangu tufike.

"Haron, si nilikuambia ubebe maji?"

"Uliniambia nibebe mwavuli."

"Na mwavuli iko wapi?"

"Kwa nyumba. Karibu na maji."

Kui akatugeukia. "Mnaona? Hii ndio niliolewa nayo."

"Alinichagua mwenyewe," Haron akasema. "Mimi sikulazimisha mtu."

Adhana ya msikiti wa Jamia ilipoingia tukaenda kuswali kwa zamu, Dada kwanza, halafu mimi, Kui akitushikia nafasi. Niliporudi nikapata Kui anamwonyesha Dada picha za harusi kwa simu. "Angalia hiyo shingo," alikuwa anasema. "Huyu Haron nimemlisha mimi."

Tuliingia ndani saa tisa imepita. Kwa meza alikuwa amekaa mwanamke anaitwa Wangeci, jina ilikuwa imeandikwa kwa beji yake. Mbele yake alikuwa na kadi za njano. Ukichaguliwa unapewa moja. Yeye pia alikuwa amechoka, alikuwa amevua viatu chini ya meza na anasugua mguu mmoja na mwingine.

Dada akavishwa hedifoni, akaangalia ukuta. Mimi nikabaki na Wangeci na kamera.

"Dada yako akiamka, kitu ya kwanza anafanya ni gani?"

"Anatafuta miwani," nikasema. "Na iko kwa kichwa."

"Sauti, mrembo. Hata kamera imeinama ikusikie."

Nikarudia. Akaniuliza chakula yenye Dada hawezi kugawa na mtu, nikasema mahamri. Akaniuliza akiwa na shida anapigia nani, nikasema hapigi, ananyamaza hadi iishe. Nilishangaa vile mdomo ulikuwa unafunguka. Kumbe kumhusu Dada naweza kuongea.

"Ya mwisho. Ni kitu gani yake inakuboesha, inakukasirisha?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Tukabadilishana. Nikavaa hedifoni, nikasikia muziki tu hadi Wangeci akanipungia mkono niitoe. Alikuwa anaangalia karatasi yake.

"Zote zimefanana," akasema. "Hadi ya mwisho. Leo sijaona watu wamefanya hivyo."

Nikasikia kama huo mwezi nimeushika na mkono.

"Lakini sasa hii ya mwisho nitaipeleka wapi?" akasema. "Nyinyi wote mmesema hakuna. Watu wakifungua TV wanataka kuona mkivutana kidogo. Nipeni kitu moja. Kasoro moja tu. Nani anakoroma? Nani anaiba nguo ya mwenzake?"

Ninazo. Dada anaacha nywele kwa sinki. Anaimba saa sita usiku. Anapokea simu yangu na kuambia marafiki zangu nimelala. Zote zilikuwa hapo kwa ulimi.

Lakini kwetu haiendi hivyo. Kwetu mkiwa mnagombana na mlango ubishwe, mnanyamaza hapo hapo, mmoja anafungua, mwingine anatoa juisi kwa friji. Mgeni anakaa anakunywa, anasema nyumba yenu imetulia jamani. Akienda ndio mnaendelea. Mama hajawahi kutufundisha kwa mdomo. Tulikua tukiona tu.

Na Wangeci alikuwa mgeni.

Nikamwangalia Dada. Alikuwa amevaa ile tabasamu ya juisi.

"Sisi tunaelewana tu," akasema.

"Ni kweli," nikasema.

Wangeci akarudisha kadi ya njano kwa zile zingine. "Asanteni kwa kuja. Mmelelewa vizuri, nawaambia ukweli."

Tukitoka, Kui na Haron wakaingia. Mlango haukuwa umefungwa sawasawa nikamsikia Haron akisema, "Kitu inaniboesha? Mnafunga saa ngapi hapa?" Watu wote wakacheka.

Tukakaa kwa ngazi ya benki iliyofungwa. Dada akavua viatu.

"Si ungesema tu nywele kwa sinki," akasema. "Ni kitu ndogo."

"Na wewe? Mbona hukusema?"

"Mimi ni mkubwa. Nikuanike mbele ya watu?"

"Na mimi ni mdogo. Nianze kukusema wapi?"

"Wewe ndio ulikuwa unataka."

"Kwani wewe hukutaka?"

Akafinya vidole vya mguu. "Nilitaka. Saa hii nataka kukaa chini tu."

Hapo ndio akaanza, pole pole, sauti ya mtu amechoka.

"Unajua nini inaniboesha? Unamaliza maji moto. Kila siku. Naingia bafu baada yako, baridi kama niko Limuru. Unaacha kijiko ndani ya sukari, ikiwa na maji. Na ukiulizwa kitu na wageni unanikanyaga mguu ndio nijibu. Mguu wangu umeisha. Na hizo viatu zako za shule, hakuna mlango hazijalala. Siku moja nitaanguka..."

"Hao hapo." Kui alikuwa ametoka, kadi ya njano mkononi, Haron nyuma yake.

Tukatabasamu wote wawili, saa ile ile. Hata nikasonga awe na pahali pa kukaa.

"Mlipata?" Kui akauliza.

"Hapana, lakini tumefurahi," Dada akasema. "Hongereni sana."

"Huyu amenisema huko ndani hadi nikajionea huruma," Haron akasema.

"Na sikuwa nimemaliza. Walizima kamera." Kui akatuangalia. "Nyinyi nanyi, tangu asubuhi sijasikia hata neno mbaya. Mungu awaweke hivyo."

"Amina," tukasema.

Wakaenda wakibishana stage ya matatu ni upande gani. Tukawaangalia hadi wakapotea kwa watu.

"Tulikuwa wapi?" Dada akauliza.

"Viatu."

"Ah. Viatu." Akamaliza viatu, akaingia kwa taulo, akaingia kwa vile mimi huchukua chaja yake na kurudisha yangu mbovu. Halafu akaokota kiatu kimoja. "Jumatatu nitapigia ajenti," akasema. "Nimwambie wiki ijayo."

"Sawa."

Jua ilikuwa imeshuka nyuma ya majengo. Akaanza kuvaa viatu ndio twende.

"Na taa hujasema," nikamwambia.

"Taa gani?"

"Ya chumba. Huwa sizimi. Unaamka unanizimia."

Akaacha kuvaa. Akanivuta, akaweka kichwa changu kwa bega yake.

"Enhe," akasema. "Hiyo taa sasa. Wacha nikuambie kuhusu hiyo taa."