Karani Amegoma Kula

Tangu jana asubuhi punda Karani alikuwa akienda na kurudi kando ya uzio, kutoka kwenye birika la maji mpaka langoni, kutoka langoni mpaka kwenye birika, na Breki naye akienda na kurudi nyuma yake, ndoo ya pumba mkononi. Aliyewatazama kwa mbali angewatofautisha kwa masikio tu.

"Kula basi, mama," Breki alibembeleza. "Nimekutilia na molasi. Mke wangu hajui."

Karani hakuitazama ndoo. Alifika langoni, akasimamisha masikio, akasikiliza kidogo, akageuka. Majani ya kando ya uzio yalikuwa yamelala chini, na njia nyembamba ilishajichora.

Breki aliitwa Breki kwa sababu mkokoteni wake wa zamani haukuwa nazo. Alibeba saruji, mbao, mapipa ya maji na makochi ya wanaohama, mpaka goti likamwambia basi. Ndipo akapata kazi hapa, kwenye makao ya hisani yanayopokea punda waliochakazwa na watu wa kazi yake ileile. "Wagonjwa tuliwatengeneza wenyewe," alipenda kuwaambia wageni, "haki tuje tuwauguze."

Karani na Meneja waliletwa pamoja kutoka kwenye tanuri la matofali, migongo ikiwa wazi kama nyama ya buchani. Meneja alipewa jina hilo kwa kuwa tangu apone hakufanya kazi yoyote, alisimama tu akitazama wengine. Karani alimfuata kila aendako, na kila aliposimama aliweka kidevu mgongoni kwake, kama anayesubiri sahihi.

Jana alfajiri Breki alimkuta Meneja amelala ubavu, amekwisha. Uzee tu. Karani alikuwa kwenye chumba cha matibabu, ukwato wake umefungwa dawa.

Makao yana desturi yake: punda akifa, mwenzake huachwa naye. Amnuse, amsukume, amzunguke, mpaka aondoke mwenyewe kwa miguu yake. Breki aliicheka sana desturi hiyo. "Msiba wa punda," alikuwa akisema. "Bado viti na chai tu." Mkokoteni ulimfundisha vingine: punda akianguka njiani, kata kamba, msukume mtaroni, na huyu mwingine umpeleke mbio kabla hajageuza shingo. Akigeuka akaona, hatoki hapo, na saruji ya mtu inangojwa.

Basi jana mikono ilifika kabla ya kichwa. Alimfunga Meneja nyuma ya gari la majani, akamburuta hadi nyuma ya ghala, akamfunga ndani ya turubai. Karani alipotolewa nje alikuta zizi tupu. Daktari wa mifugo, msichana anayeyasimamia makao, aliuliza: "Amemuona mwenzake?"

"Amemuona, amemnusa, ameridhika," Breki alijibu. Hilo la kuridhika aliliongeza kwa kunogesha.

Sasa daktari huyo alikuwa ndani ya uzio na sindano zake, na nyuma ya ghala katapila lilikuwa likinguruma. Shemeji yake Breki, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa akichimba kaburi.

"Sielewi," daktari alisema akiwa amemshika Karani shingo. "Punda akigoma kula, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Yanajaa kwenye damu, ini linashindwa, tunampoteza. Lakini huyu alimuaga mwenzake vizuri, wewe ulikuwepo. Basi ni tumbo. Nitampitishia mpira puani, nimpe dawa ya tumbo."

Breki alihamisha ndoo mkono wa kulia, akairudisha wa kushoto. Akaiweka chini. Akaiokota.

Mkewe, anayewapikia uji punda vibogoyo, alikuwa ameegemea lango na mwiko wake. Alimtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayesikiliza sufuria.

"Baba, hiyo ndoo imekukosea nini?"

"Hakuna kitu."

"Punda anazunguka, wewe unazunguka. Yeye amefiwa. Wewe umefanya nini?"

Katapila lilinyamaza. Kisha minyororo ikalia, ile ya kufungia mzigo, na Breki akajua shimo limekwisha.

"Hakumuona," alisema.

"Nani?" daktari akauliza.

"Karani. Nilimtoa Meneja kabla hajarudi. Amefichwa... nimemficha mimi. Hakunusa kitu."

"Ulisema ameridhika."

"Hilo niliongeza."

Daktari aliufunga mkoba wake taratibu, na hilo lilimchoma Breki kuliko matusi ya barabara nzima. Breki aliondoka mbio za goti moja kuelekea ghalani, akipunga mikono.

"Zima, shemeji! Usimshushe!"

"Nimeshazima," shemeji alisema kutoka juu ya kiti chake. "Shimo zuri hilo, hata wewe lingekutosha. Kuna nini?"

Walijaribu kumleta Karani. Alikuja vizuri mpaka kwenye mtaro wa saruji ulio mbele ya ghala, akakita miguu yote chini, basi. Daktari alivuta hatamu. Breki hakujisumbua kuvuta. Ukimvuta punda kichwa, umemwomba abaki. Na muda ulikuwa ukienda, na tumbo la Karani lilishaanza kuingia ndani.

"Tumpeleke Meneja kwa gari?" shemeji akauliza.

"Injini itamkimbiza," daktari alisema. "Na amechoka, asikimbie."

Breki aliitazama maiti ndani ya turubai, akautazama uzio. Akaokota kamba, akaifunga kwenye turubai. Akaipitisha begani na kifuani, pale panapokaa ukanda wa punda, na hakuna aliyemwelekeza ikae wapi.

Daktari alimrudisha Karani zizini na kumfungulia. Mke wa Breki akashika upande mmoja wa turubai, shemeji akasukuma nyuma. Mzigo ukasogea kidogo, ukagoma, ukasogea tena. Meneja alikuwa mzito hata bila kazi.

"Shemeji, nikuchape," mdogo mtu aliuliza kutoka nyuma, "au utakwenda kwa heri?"

Breki aliikaza kamba kifuani. Walipovuka mtaro alisimama, jasho linamwingia machoni, kamba imemla bega. "Tupumzike kidogo."

"Punda wako ulikuwa ukiwapumzisha?" mkewe akauliza. Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa ya kutaka kujua tu.

Breki akainamisha kichwa, akavuta.

Walipofungua turubai ndani ya zizi, Karani aliacha njia yake ya uzio. Alikuja polepole, pua mbele, akapuliza. Alimnusa Meneja masikio, akamnusa mdomo. Alimsukuma shingoni kwa pua, akamng'ata nywele za shingo akavuta, kama anayemwamsha mtu aliyechelewa kazini. Kisha akaweka kidevu ubavuni pake, akatulia. Baadaye alilia, sauti ya kukwaruza iliyowafanya punda wa mabanda yote kunyamaza.

"Nina shimo jingine la kuchimba leo," shemeji alinong'ona.

"Lipigie simu lingoje," dada yake akamwambia.

Yeye akaenda jikoni, akarudi na kigoda na kikombe. Akamwekea mumewe kigoda kando ya uzio. "Kiti cha msiba hicho. Na chai hii hapa. Si ulisema vinakosekana?"

Breki alikaa, akainuka. Alikwenda birikani, akarudi langoni. Akakaa, akainuka tena. Chai ilipoa. Karani aliondoka kwa Meneja, akarudi, akaondoka mbali zaidi, akarudi.

Jua lilipokuwa limelegea, Karani aliondoka na hakugeuka. Aliifikia ndoo, akapuliza pumba zikaruka, akatia mdomo. Alitafuna kidogo, akaacha. Akatafuna tena.

"Anakula," Breki alisema.

"Ameanza," daktari alimsahihisha. "Kesho asubuhi nitampima damu. Na wewe kesho asubuhi tutazungumza."

"Sawa, daktari."

Karani aliinua kichwa, pumba zimemganda puani. Akaja mpaka aliposimama Breki, akapita nyuma yake, akamwekea kidevu begani. Lilikuwa bega lile lililochunika kwa kamba. Breki alikunja uso, machozi yakamtoka, lakini hakusogea.

Mkewe aliokota kile kikombe cha chai baridi.

"Haya," alisema, "umepanda cheo, Meneja. Simama hapo hapo, usifanye kitu."