Tanga la Kaburi la Mzee Bura

Hajira alikuwa anapiga matundu ya kamba kwenye turubai la lori la vitunguu, sokoni Katesh, Gidamis alipoingia na fimbo yake ya kuchungia.

“Shikamoo, mama Yusuph.”

“Marahaba. Ng'ombe wazima?”

“Wazima. Nataka matanga mawili.”

Hajira hakuwahi kushona tanga, lakini kitambaa ni kitambaa. Akauliza vipimo. Gidamis akavitaja kama alivyotajiwa na marehemu baba yake. Tanga kuu lipande mlingoti mita kumi na tatu, chini liwe mita nne na nusu, na ukingo wa nyuma uachiwe tumbo. La mbele liwe refu zaidi, mita kumi na nne. Mlingoti ulikuwa tayari, mita kumi na tano. Ulikuwa umeota kaburini.

Mzee Bura, baba yake Gidamis, alizikwa kwa heshima. Ukoo mzima ulikusanyika, wakamjengea kilima cha udongo na miti. Kwa watu wa Gidamis, mzee wenu alipolala kwa namna hiyo, hapo ni penu. Halafu likaja shamba la ngano, na trekta zikapita juu ya kilima msimu baada ya msimu, kikabaki tuta la ukubwa wa godoro. Mlingoti ulipotokeza, Isidori, msimamizi wa shamba, aliufunga kitambaa chekundu ili madereva wasiugonge.

Hajira akatafuta kwenye simu. Vipimo vile vilikuwa vya mashua ya kuvuka bahari kuu.

“Baba yako aliijua bahari?”

“Hata mto alikuwa anavushwa amefumba macho.”

“Sasa anakwenda wapi?”

“Hasemi. Anasema amechoka kukanyagwa.” Gidamis akasogea karibu. “Mama, tanga kuu lipunguze mita moja, lisishike upepo. Tuna kesi na shamba kwenye baraza la ardhi. Akiondoka, tutaonyesha nini?”

“Sijawahi kumpunja mteja aliye hai, unataka nianze na maiti?”

Lakini alimwangalia usoni, akapunguza.

Mchana uliofuata mzee Bura alikuja mwenyewe. Watu sokoni wakampa shikamoo na kumpisha. Udongo ulikuwa unamdondoka masikioni. Akalipima tanga kuu kwa mkono, taratibu, kisha akaweka kiganja juu ya cherehani. Chuma kikawa baridi kama jiwe la mtoni.

“Mama, pamepungua.”

Hajira akarudisha ile mita. Sindano ilimchoma mara kadhaa na hakusikia maumivu.

“Mwambie kijana simlaumu,” mzee akasema. “Aje anishikie kamba.”

Gidamis alikwenda. Walifunga matanga kwa kamba za ngozi ya ng'ombe, baba na mwana. Upepo ukashuka kutoka mlima Hanang, matanga yakajaa, na kaburi likang'oka. Gidamis alishikilia kamba huku akiburutwa kwenye ngano, akiita, “Baba, ngoja kesi iishe!” Viganja vilipochunika, akaachia. Kaburi likaelekea ziwa Balangida, likalipita bila kusimama.

Isidori akafukia shimo, akapanda mbegu.

Mwenyekiti wa baraza alipofika kukagua, ngano ilikuwa imeshachipua kwa mistari iliyonyooka. Akauliza kaburi liko wapi.

“Limeondoka,” Gidamis akasema.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akampa pole. Kisha akaandika kwamba eneo halina kaburi.