Nyota za Misumari

Harufu ya waya unaoungua ilimfikia Mama Nyota akiwa katikati ya maelezo. Ndivyo walivyomwita kazini, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi yeye ndiye aliyewaongoza wageni wa jumba la nyota, akiwaonyesha makundi ya angani yaliyomulikwa na mtambo kwenye kuba. Leo ukumbi ulijaa watoto wa darasa la tatu na mwalimu wao.

Asubuhi alimwambia fundi umeme, mdogo wa mumewe, kwamba mtambo unanuka. Fundi akacheka. "Shemeji, wewe shughulika na nyota zako. Waya niachie mimi."

Sasa mtambo ulitoa cheche, ukazima. Taa nazo zikazima. Giza totoro. Mtoto mmoja akaangua kilio, wengine wakadakia.

Alipapasa ukuta hadi mlangoni. Mlango wenyewe ni wa umeme. Aliusukuma kwa bega, wapi! Moshi ulianza kumkereketa koo.

"Shemeji!" aliita, mdomo kwenye ufa.

"Nipo!" fundi alijibu kutoka nje. "Mlango umegoma, nimeleta mtaimbo."

"Harakisha. Kuna moshi huku."

Mtaimbo ulikwaruza mlango. "Wasikimbilie mlangoni, shemeji. Watakanyagana."

Tayari vishindo vya miguu vilikuwa vinakuja. Mama Nyota aliinua macho, akaona vitone vya mwanga. Bati la kuba lilikuwa limechakaa, na jua la nje lilipenya kwenye matundu ya misumari iliyong'oka.

"Nani anaziona nyota zile?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Vishindo vikapungua.

"Kaeni sakafuni niwaambie. Watu wa zamani walikaa gizani hivi hivi. Wakatazama juu, wakaunganisha vitone kwa macho. Wakulima waliona kundi dogo linalojitokeza msimu wa kulima, wakaliita Kilimia. Wengine wakaona mkia uliojikunja, wakasema, huyu nge."

"Nge anauma!" kijisauti kikasema.

"Huyo hakufikii. Haya, zile pale zina umbo gani?"

"Sufuria!"

"Sufuria gani?" mtoto mwingine akapinga. "Kandambili ile! Ona kanda zake."

Ubishi ukazuka, na mwalimu akaushabikia. Nyuma ya Mama Nyota mtaimbo uligonga chuma, ukateleza, ukagonga tena.

"Mama, Kandambili inapotea," msichana mmoja alisema.

Mama Nyota alitazama. Kweli, kitone kimoja baada ya kingine kilikuwa kinafifia. Moshi ulikuwa umetanda juu, unashuka.

"Ni wingu tu," alidanganya. "Laleni kifudifudi, shati puani. Mwenye jina la nyota alitaje polepole."

Walitaja kwa minong'ono, huku wakikohoa: kikapu, jogoo, kiti cha bibi. Alipolala kando yao hakuona tena hata tundu moja. Mtoto alimshika kidole, akakibana hadi kikauma.

Mlango ulilia, ukaachia. Mwanga ukaingia.

"Mmoja mmoja! Shikaneni mashati!"

Walitoka wakitambaa, machozi na kamasi tele. Mwalimu aliwahesabu uani, akarudia, ndipo akasema wote wapo. Fundi aliingia na mtungi wa kuzimia moto, akauzima, akatoka uso mweusi kama sufuria ya kuni. Alishindwa kumtazama Mama Nyota.

"Uliniambia, shemeji."

"Nilikuambia."

Mama Nyota alikuwa na maneno mengine, makali, lakini aliyameza, akaketi kwenye ngazi. Fundi alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chombo.

"Kesho mimi mwenyewe nitamweleza mkurugenzi kosa langu," alisema.

"Kesho nini? Twende sasa hivi."

Mama Nyota akamnyoshea mkono amwinue. Fundi alimwinua, wakapanda pamoja kwenda ofisini kwa mkurugenzi.