Gitaa la Blandina Kwenye Mnada wa Mavuno

Mzee Asheri hajawahi kununua kitu kibaya. Muulize mwenyewe. Redio yake inakamata stesheni za Kenya tu tangu siku aliyoileta, naye anasema ndivyo alivyotaka, habari za hapa anazijua tayari. Mbuzi wake ana jicho moja. Anasema wenye mawili wanazubaa sana njiani. Ukibisha, mtakesha.

Lakini vitu vilivyonunuliwa na wengine, loo! Hivyo vyote vibovu. Na kibovu kuliko vyote kilikuwa gitaa la binti yake wa mwisho, Blandina, ambaye alishuka mjini Same na magunia ya tangawizi yake mwenyewe, akarudi kijijini Miamba na kitu chenye shingo ndefu ndani ya mfuko mweusi.

"Gitaa ni la baa," alisema mzee. "Sitaki kulisikia ndani ya nyumba yangu."

Basi Blandina akahamia stoo ya tangawizi, nyuma ya nyumba. Kila jioni alikaa juu ya gunia akajifunza kwa simu, huku baba yake amekaa upande wa pili wa ukuta akichonga mpini wa jembe. Miezi minne, msichana anapiga, mzee anachonga. Mpini wenyewe haukuisha.

Gitaa lilikuwa la bei nafuu, na Blandina hakujidanganya. Ubao wake ulikuwa plai, si mbao halisi. Nyuzi zilikaa juu mno, vidole vikamchubuka mpaka akashindwa kumenya ndizi. Uzi wa tatu ulikoroma. Hata hivyo alilipenda, mwenzangu, alilipenda kupita kiasi. Lilikuwa jepesi, umeme ukikatika linalia bila spika, ukirudi unalichomeka kwenye spika, na lilikuwa na kijitaa cha kukuonyesha kama nyuzi zimekaa sawa.

Alhamisi moja alimmwagia sifa hizo zote Nicolaus, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akitafuta chombo rahisi cha kufundishia watoto wa kipaimara.

"Lilete Jumapili," akasema Nicolaus. "Baada ya ibada wazee walikague. Wakilipitisha, utafundisha wewe."

Blandina hakulala vizuri hadi Jumapili. Wazee wakilipitisha, gitaa litapigwa kanisani, na baba atasema nini tena? Asubuhi ile alikunja kijikaratasi cha biskuti, akakipachika chini ya uzi wa tatu, pale juu kabisa shingoni. Mkoromo ukakatika. Akapanda bodaboda, ikapata pancha, akafika ibada imeshaanza na kanisa limejaa hadi mlangoni.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mbele kabisa palijaa maboga, maharage, kuku waliofungwa miguu, na mkungu wa ndizi mkubwa ajabu. Blandina alitafuta pa kuliweka gitaa asipate. Akanyata mbele, akaliegemeza kwenye mkungu, akarudi kusimama nyuma na akina mama.

Hapo ndipo alipoharibu. Huku kwetu kila mtu anajua: siku ya mavuno, kilichofika mbele kimeshatolewa sadaka, na kitapigwa mnada nje ya kanisa. Hata yeye alijua. Alikumbuka pale mchungaji alipolitazama gitaa, akanyanyua mikono na kumshukuru Mungu kwa ukarimu wa binti wa Mzee Asheri. Kanisa zima likalipuka vigelegele.

Yesu wangu! Sasa utasimama useme nini? Kwamba nirudishieni? Baba yake, mzee wa kanisa, alikuwa amekaa benchi la mbele. Blandina akatabasamu tu.

Dalali wa mnada alikuwa Mzee Loth, na Mzee Loth hana huruma. Mwaka juzi aliuza mwavuli wa mgeni kutoka Moshi, na mgeni akaununua tena huku akishukuru. Alimaliza maboga, akamaliza kuku, akalinyanyua gitaa juu.

"Haya! Aliyelileta aje atueleze uzuri wake!"

Blandina akasogea. Mfukoni alikuwa na elfu kumi na tano, basi. Akawatazama watu, akawaona wawili watatu macho yanawameta, akaona asipofanya kitu gitaa linaondoka.

"Kwa kweli," akasema, "si zuri."

Akaugonga ubao wake.

"Hii ni plai. Likinyeshewa linavimba. Betri ya kijitaa chake ni ile ya mraba, hapa hakuna, mpaka ushuke Same. Nyuzi ziko juu, zitawachuna watoto vidole. Na uzi wa tatu unakoroma."

"Lakini Blandina," Nicolaus akadakia, "si Alhamisi uliniambia..."

"Alhamisi ilikuwa Alhamisi!" akamkata. "Ila kwa kuwa ni sadaka, nalichukua mimi. Elfu kumi."

Watu wakacheka, hakuna aliyeongeza. Macho yaliyokuwa yanawameta yakahamia kwenye mayai. Mzee Loth akahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, Blandina akanyoosha mkono kulipokea.

"Kumi na mbili," ikasema sauti nyuma yake.

Alikuwa baba.

"Kumi na nne," akasema Blandina.

"Kumi na tano."

Hakuwa na zaidi ya hapo. Mzee Loth akapiga kofi, gitaa likaenda.

Mzee Asheri akalibeba begani kama jembe. Njia nzima Blandina alimfuata nyuma, machozi yanamtoka, akiliona gitaa lake tayari limepasuliwa kuni.

"Baba, unalipeleka wapi?"

"Nyumbani. Mali yangu niipeleke wapi?"

Walipofika, mzee akakaa barazani, akalilaza mapajani. Haikupita muda akaingia jirani yao, Elinaza, mama asiyekosa habari, naye alikuwepo mnadani.

"Shikamoo, Mzee Asheri. Kumbe kweli umelichukua lile bovu?"

"Marahaba. Bovu?" Mzee akavimba. "Lini mimi nimenunua kitu kibovu? Hii plai ndiyo inayolifanya liwe jepesi, hata mtoto analibeba. Nyuzi ziko juu ili vidole vikomae. Betri ni ya mraba kwa sababu za mviringo zinabingirika zinapotea. Lini umeona betri ya mraba inapotea?"

Blandina aliyekuwa mlangoni akayakausha machozi. Baba amelinunua, kwa hiyo gitaa limekuwa zuri! Alitaka kuruka.

"Blandina! Lete kigoda. Mpigie huyu gitaa langu asikie."

Akakaa. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Akaingia wa pili. Karibu na mwisho mzee akakunja uso, akanyanyua mkono.

"Ngoja. Umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu, baba."

"Uzi wa tatu uko wapi? Hapo unapokaribia mwisho kuna mkoromo. Unakoroma, unakaa kidogo, unakoroma tena. Miezi minne uko hapohapo. Leo umeenda wapi?"

Elinaza akamtazama mzee. Blandina naye akamtazama, kisha akautazama ule mpini wa jembe ulioegemezwa ukutani, mwembamba sasa kama mwiko wa uji.

Aliinama, akakichomoa kile kijikaratasi cha biskuti, akakitupa uani. Akauanza upya wimbo wa pili, na alipokaribia mwisho uzi wa tatu ukakoroma, ukakaa kidogo, ukakoroma tena.

"Umesikia, Elinaza?" akasema Mzee Asheri, akiegemea ukuta na kufumba macho. "Na mkoromo huo hawakuniongezea bei."