Makande ya Alfajiri

Huko Vudee, kila alfajiri Blandina aliketi kitandani, akajifunga kanga, akaanza kutafuna. Punje zilizonasa kwenye meno tangu jioni zilikuwa zimeshaongezeka, zikawa makande ya sahani nzima mdomoni mwake, ya moto, na chumvi yake kamili. Alitafuna polepole akameza, maana chakula hakitemwi. Kisha akaenda kuwasha moto wa chai.

Watu walijua. Mama yake mzazi alikuwa akiamka na viazi.

Shida ilikuwa pumzi. Zamani alipanda hadi shamba la tangawizi akiimba. Sasa alisimama kila kona, mkono kifuani, akiogopa. Zahanatini, nesi Koleta alimpima uzito, akampima tena, kisha akamwangalia mdomoni.

“Mama, unapiga mswaki saa ngapi?”

“Asubuhi, nikitoka kwenda kwa watu.”

“Na usiku?”

“Usiku naenda wapi?”

Koleta hakucheka. “Moyo wako umechoka kubeba uzito huu. Usipopiga kabla ya kulala, mavuno hutayaona.”

Jioni ile, walipomaliza kula, Blandina alichukua mswaki wake wa asubuhi, ambao mchana ulitoa udongo kwenye tangawizi za soko la Myamba, akauchemsha, akasugua meno kwa chumvi pale mlangoni. Eliufoo, mumewe, akaweka kikombe chini.

“Mke wangu, saa hizi unajisafishia nani?”

“Nesi kasema.”

“Nesi analala humu?”

Alfajiri mdomo ulikuwa mtupu. Akaendelea hivyo kila jioni, gauni likalegea mabegani, akafika shambani bila kusimama. Akalia kidogo huko juu, akapalilia.

Jumapili, nje ya kanisa, majirani wakamwuliza Eliufoo, kwa upole tu: “Shemeji yetu anakonda, vipi, ghala tupu?”

Eliufoo hakugomba. Nyumbani aliurudisha mswaki kwenye karai la tangawizi. “Nyumba yangu haina njaa,” akasema, “wala haina mgeni wa usiku.” Blandina akafikiria kijiti cha mti cha kusugulia meno, lakini tangu siku hiyo mumewe alimnusa mdomo kabla ya kuzima taa.

Makande yakarudi, safari hii na maharage mengi zaidi. Kitanda kikaanza kulalamika. Eliufoo, mume mwenye kujali, akakata magogo ya mkaratusi, akayaweka chini ya kitanda upande wa mkewe, akajaribu kwa mguu.

“Hapo sawa,” akasema.

Blandina akaomba na mto wa pili, asije akapaliwa.