Utepe na Kioo

Utepe wa karatasi ulikuwa ukichomoza kutoka kwenye teleprinta, umejaa matundu kama jani lililoliwa na viwavi, na Tryphosa Nyanchera alikuwa akiusoma kwa ncha za vidole kabla mashine haijamaliza kuutema. Katika posta ya Kisii hapakuwa na mwenye kasi kama yake. Mashine ilipitisha maneno sitini kwa dakika, naye alijivunia kwamba haikuwahi kumngoja.

Asubuhi hiyo ya Aprili 1968, vidole vyake viligota. Simu ya maandishi ilitoka Nairobi, ikielekea zahanati moja upande wa Nyamira. Masanduku sitini ya chanjo ya kifaduro, yaliyosambazwa kwenye zahanati mbalimbali, yalikuwa yameharibika, yasitumike. Zikafuata namba za masanduku hayo, kila moja ya tarakimu tano. Chanjo ingeanza saa saba mchana, na laini ya Nyamira ilikuwa imekufa tangu juzi: nguzo zimelala matopeni, daraja limezolewa na mafuriko.

"Kuna Mzee Angwenyi," Tryphosa alimwambia Bwana Manasseh Onsongo, mkuu wa posta.

Mji mzima ulimjua Angwenyi. Vitani alikuwa mpeleka ishara, na hata sasa, kila jua lilipochomoza, alisimama juu ya kilima cha Nyanchwa na kioo, akimsalimu kwa mimweko mirefu na mifupi ya Morse Nyangau, askari mwenzake aliyeishi ng'ambo, kwenye ukingo wa Manga, karibu na zahanati ile. Watu waliwacheka wote wawili.

"Simu ya serikali kwa kioo cha kunyolea ndevu?" Manasseh alishika kichwa. "Basi waambie zahanati wasimamishe chanjo yote, yaishe."

"Kifaduro kimeshazika watoto tisa kule, Bwana. Wakisimamisha yote, watazikwa wengine."

Manasseh alichukua kalamu. "Nenda. Nitaandika kwamba ni mimi niliyekutuma."

Saa tano ilipogonga Tryphosa alikuwa kileleni, anahema, viatu vimevaa tope hadi vifundoni. Angwenyi alimsikiliza bila kumkatiza, akaelekeza kioo Manga, akakitikisa. Walingoja. Hatimaye nukta ya mwanga, ndogo kama cheche, ikametameta mara kadhaa kutoka ng'ambo.

"Anasema yuko shambani na bintiye Bitutu," alisema mzee. "Bitutu ataandika. Nisomee."

Tryphosa alisoma kwa kasi ya teleprinta, akimhimiza mzee aharakishe. Namba tatu zilikwenda. Nyangau alipozirudisha, mbili zilikuwa na makosa.

Angwenyi alishusha kioo. "Mkono wangu unaweza, binti yangu. Lakini macho ya Nyangau yanasoma tarakimu kumi kwa dakika. Ukimpa ya kumi na moja, zote zinamponyoka."

Tryphosa alihisi uso ukimchoma. Tangu aanze kazi, hakuwahi kumfikiria mtu wa upande wa pili. Alijua tu vidole vyake na mashine. Aligeuza fomu ya simu, akapiga hesabu upande wa nyuma. Tarakimu mia tatu, kumi kwa dakika: nusu saa. Na kila namba lazima irudishwe ihakikiwe: saa nzima. Kile ambacho teleprinta ilikimaliza kwa dakika moja! Alitazama magharibi. Mawingu ya kutoka ziwani yalikuwa tayari yametanda juu ya Mosocho.

"Jua limebakiwa na muda gani, Mzee?"

"Nusu saa. Likituonea huruma."

Aliketi kwenye nyasi, akaupitisha utepe vidoleni tangu mwanzo, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mgonjwa. Namba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya kumi vidole vilisimama. Mpangilio uleule wa matundu ulikuwa ukijirudia mwanzoni mwa kila namba. Nne, saba, moja. Nne, saba, moja. Aliukimbiza utepe hadi mwisho: zote sitini!

"Mzee, zote zinaanza na 471! Tumwambie hilo mara moja tu, kisha tumpe mbili za mwisho za kila namba. Dakika kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi."

Angwenyi alicheka hadi mapengo yakaonekana. "Ungekuwa na sisi vitani!"

Safari hii Tryphosa alisoma kwa sauti ya chini, akinyamaza baada ya kila tarakimu. Mbili. Sita. Kioo kiliinama na kuinuka. Sifuri. Tisa. Kwenye namba ya arobaini kivuli cha wingu kiliwapitia, wakangoja mpaka jua likarudi. Kisha Nyangau akaanza kuzirudisha, na Tryphosa akazitia alama moja moja, bila kosa, bila kosa, hadi ya sitini.

"Sahihi!" alipiga kelele, akaruka juu kama msichana wa shule, utepe ukimpepea mkononi.

Mwanga wa ng'ambo ukametameta mara ya mwisho. Angwenyi alitafsiri polepole: "Bitutu anakimbia." Dakika chache baadaye mawingu yalilifunika jua, na mvua ikaimeza Manga yote.

Kesho yake, kabla posta haijafunguliwa, Tryphosa alipanda Nyanchwa bila kutumwa. Mwanga wa Nyangau ulikuja na jua. Mzee alisoma herufi kwa herufi.

"Masanduku kumi na saba kati ya yale sitini yamekutwa zahanati, yametengwa. Watoto mia mbili na sita wamechanjwa." Akageuka kumtazama. "Anauliza, ni nani aliyekuwa akisoma?"

Alimkabidhi kioo. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na baridi ya umande. Tryphosa alikielekeza Manga, akaanza na T: mmweko mmoja mrefu. Akatulia, akimpa mzee wa ng'ambo nafasi ya kuiona, ndipo akaanza herufi ya pili.